Kazi ya Mshauri wa Chakula na Amri za Mungu



Kijana wa usharika aliyejifunza elimu ya lishe, labda katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, huenda akarudi kwao Kyela asipate upesi kazi ya serikali wala ya hospitali. Ndipo huuliza: Je, yafaa nifungue chumba changu mwenyewe pale Kasumulu, niwashauri watu juu ya chakula, nami nipokee ujira? Twajibu: Yafaa. Bwana alipowatuma wale sabini, hakuwakataza kupokea riziki kwa kazi yao (Luka 10). Lakini kazi hii hujengwa juu ya uaminifu, nayo ikijengwa juu ya kitu kingine itaanguka.

Wako watakaosema: Kyela ina mchele, ndizi, samaki na mawese, shauri la nini tena? Twasema: Kushiba si kulishwa vema. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022, watoto wenye umri chini ya miaka 5 waliodumaa walikuwa 30 hivi katika kila 100. Na mkoani Iringa, penye mahindi tele, walipita nusu.

Tena kumbukeni habari ya mganga Mholanzi, Christiaan Eijkman, aliyefika kisiwa cha Java mwaka 1886. Aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wakilegea miguu. Waliporudishiwa mchele wenye ngozi yake, wakapona. Baadaye ikajulikana ya kuwa katika ngozi ile imo vitamini B1. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel. Basi sisi walaji wa wali twahitaji mtu wa kutuonyesha yaliyomo na yaliyopungua katika sahani zetu.

Sasa na tutazame amri tatu, kwa hesabu ya Katekisimo Ndogo ya Luther.

1. Amri ya 5. Tumekatazwa kuua, nasi twafundishwa kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Mshauri wa chakula si daktari. Mgonjwa wa kisukari akimjia, asimwambie kamwe aache dawa. Wala asibadili sana chakula chake pasipo daktari kujua, maana mtu anayetumia insulini akipunguza chakula na dawa ikabaki vile vile, sukari yaweza kushuka mpaka azimie. Na amwandikie barua kwenda hospitali. Kumpeleka mgonjwa kwa mwingine si kupoteza mteja. Ni kuokoa mtu, na daktari aliyeona uaminifu huo atamletea wengine.

2. Amri ya 7. Luther aeleza ya kuwa bidhaa mbaya na biashara ya hila ni wizi pia. Hapa ndipo penye jaribu kubwa. Shauri moja huleta fedha kidogo, bali kopo la unga unaosifiwa kuponya kila ugonjwa huleta nyingi. Mshauri akiuza kopo lile, hawezi tena kusema kweli juu yake. Na auze maarifa yake tu: atangaze ujira kabla ya kuanza, aandike hesabu katika daftari, aulize halmashauri na wakubwa wa afya juu ya vibali, alipe kodi. Na aonyeshe vyakula vya sokoni: usipa waliwao pamoja na mifupa yao huimarisha mifupa yetu, mawese mekundu hufaa macho, lakini yakichomwa mpaka yapoteze wekundu wake, faida ile huharibika, maharage hujenga mwili kwa gharama ndogo. Kwa dereva wa lori anayelala mpakani akingoja kuvuka Songwe, asiandike vyakula asivyoweza kuvipata, bali amfundishe kuchagua kwa mama ntilie: wali upungue, maharage na mboga ziongezeke, soda iachwe.

3. Amri ya 8. Siri ya mgonjwa isitoke nje. Kasumulu ni mji mdogo wenye wapita njia wengi, na neno lisemwalo asubuhi sokoni hufika mbali jioni. Mama aliyeambiwa ya kuwa mtoto wake amedumaa, akisikia habari hiyo kisimani, hatarudi tena, naye mtoto ndiye atakayepata hasara.

Mtu akiulizia mtaji, twamshauri aanze kwa kiasi: siku mbili kwa juma, katika chumba cha kupanga, akiwa na mizani, kipimo cha urefu na kabati lenye kufuli. Mara ya kwanza amsikilize mtu kwa muda mrefu. Mara ya pili na ya tatu ampime aone kama shauri limefaa, maana shauri lisilofuatwa ni maneno tu. Tena atenge saa kadhaa kwa maskini, zenye kikomo, asije akafunga mlango kwa kukosa kodi ya chumba.

Tunapoomba chakula chetu cha kila siku, twamwomba Mungu pia watu wa kutufundisha kukitumia vema. Yafaa usharika uwaombee hao, na wazazi wasiidharau elimu hii.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini kuuza dawa isiyofaa kunahesabiwa kuwa wizi?
2. Ni vyakula gani vya kwetu tunavyoviuza vyote, watoto wetu wakikosa?
3. Mwalimu wa usharika atajuaje mshauri mwaminifu na asiye mwaminifu?