Mdogo wangu, kliniki si ya mtoto peke yake

Mdogo wangu, sogea tuongee. Najua ulivyotoka leba. Presha ilikupanda, miguu ikavimba, mkojo ukaonyesha protini, na ulipomshika mtoto mzima ukasema hayo yameisha. Sikulaumu, karibu sote tunafanya hivyo. Kliniki unakwenda, lakini anayepimwa ni mtoto: anawekwa kwenye mizani, anadungwa chanjo, unafunga kijitabu na kukimbilia matatu ya Mwatate. Wewe umepimwa na nani?

Sikiliza. Presha ile ya mimba huumiza vichujio vya figo. Kwa wengi hupona wiki chache baada ya kujifungua. Kwa wengine madhara hubaki, na figo haikwambii mpaka imechoka kabisa. Utafiti wa Norway uliotoka 2008 ulionyesha kuwa mama aliyewahi kupata presha hiyo yenye protini ana hatari ya figo kufeli iliyo kubwa mara nne hadi tano kuliko mwenzake asiyewahi kuipata. Usitetemeke, wanaofikia huko ni wachache sana. Lakini kusafishwa damu ni kulala kwenye mashine kama saa nne, mara mbili au tatu kwa wiki. Hebu fikiria safari hiyo kutoka Wundanyi, watoto ukiwaachia nani?

Kwa hiyo wiki ya sita, ukimpeleka mtoto, useme: "Daktari, nilikuwa na presha ya mimba, nipime na mimi." Presha, na mkojo kwenye kikopo. Miezi mitatu ikipita na presha bado ni 140 kwa 90 au zaidi, au protini haijaisha, omba na damu ipimwe kuangalia figo. Baada ya hapo, presha kila mwaka, hata ukijisikia mzima. Dawa usiziache eti kichwa hakiumi. Na hizo diklofenaki na brufeni unazonunua dukani kila mgongo ukikuuma, nakusihi, punguza. Figo ndizo zinazoumia.

Ukitaka mtoto mwingine, mwone daktari kabla, maana dawa nyingine za presha humdhuru mtoto tumboni. Ukishika mimba, nenda mapema useme yaliyokupata, huenda ukaanzishiwa aspirini ndogo kuanzia wiki ya 12.

Nauli ikikosekana, yupo mhudumu wa afya wa kijijini. Tangu 2023 wengi wao wamepewa mikoba yenye mashine ya presha. Akija kumwangalia mtoto, usimwache aondoke kabla hujakunja mkono wa nguo akupime na wewe.