Kanuni za Saa Katika Kompyuta: Kwa Nini Hazina Budi Kusahihishwa Kila Mara

Ndani ya kila kompyuta na kila simu ya kisasa limo jedwali ambalo watumiaji wengi hawajapata kuliona. Jedwali hilo huieleza mashine kwamba mahali fulani, tarehe fulani, saa ziko mbele au nyuma ya saa ya kimataifa kwa kiasi gani. Tanzania haisogezi saa zake mbele wala nyuma katika mwaka, na kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba jedwali hili haliwahusu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Tutaanzia Kemondo mkoani Kagera, mahali ambapo jambo lenyewe huonekana kwa urahisi.

Ili tusichanganyikiwe, saa zihesabiwazo kuanzia usiku wa manane, kama kompyuta inavyofanya, tutaziandika kwa tarakimu, kwa mfano 15:00. Saa za Kiswahili tutaziandika kwa maneno: saa tisa alasiri.

1. Saa ya jua na saa ya sheria

Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24. Kwa hiyo huzunguka digrii 15 kwa saa moja, au digrii 1 kwa kila dakika 4. Saa ya kimataifa, ambayo kwa kifupi huandikwa UTC, hufuata kwa karibu saa ya jua ya longitudo 0, ipitayo Greenwich, London. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya UTC kwa saa 3. Hiyo ndiyo saa ya jua ya longitudo ya digrii 45 mashariki, ambayo haipiti katika ardhi ya Tanzania hata kidogo, bali hupita mbali katika Bahari ya Hindi.

Kemondo ni bandari ya Ziwa Victoria, kusini ya mji wa Bukoba. Longitudo yake ni karibu digrii 31.75 mashariki. Tofauti kati ya 45 na 31.75 ni digrii 13.25. Tukizidisha kwa dakika 4 tunapata dakika 53. Maana yake ni kwamba, kwa wastani wa mwaka, jua hufika juu kabisa mjini Kemondo saa zinapoonyesha 12:53, wala si 12:00. Dar es Salaam iko karibu na digrii 39.28, na huko jua hufika juu mnamo 12:23. Watu wa miji hii miwili husema "saa sita mchana" kwa pamoja, ingawa jua la Kemondo limechelewa kwa nusu saa.

Jambo la kuzingatia ni hili. Longitudo ya Kemondo iko karibu zaidi na digrii 30, ambayo ni longitudo ya saa za Rwanda na Burundi, kuliko digrii 45. Kwa jua, Kemondo ingehesabu saa pamoja na Kigali. Kwa sheria, huhesabu pamoja na Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Saa tunayoifuata ni uamuzi wa serikali, na hakuna hesabu ya jiografia inayoweza peke yake kutuambia uamuzi huo ni upi. Ndiyo maana kompyuta haiwezi kukokotoa saa ya mahali kutokana na longitudo. Haina budi kuambiwa.

2. Mipaka ya saa katika Mkoa wa Kagera

Mkoa wa Kagera unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Msafiri avukaye mpaka Mutukula kuingia Uganda hana haja ya kugusa saa yake. Avukaye Rusumo kuingia Rwanda, au Kabanga kuingia Burundi, hana budi kuirudisha nyuma kwa saa moja. Saa nne asubuhi upande wa Ngara ni saa tatu asubuhi ng'ambo ya pili.

Simu iliyo karibu na mpaka huweza kunasa mtandao wa nchi ya pili na kubadili saa bila mwenyewe kujua. Hali hiyo inatufundisha kutenganisha mambo mawili. La kwanza ni kujua mashine iko wapi. La pili ni kujua kanuni ya saa ya mahali hapo. Makala haya yanahusu jambo la pili.

3. Nchi zinazosogeza saa

Kemondo iko karibu digrii moja na nusu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote katika mwaka ni kama dakika 10 tu. London tofauti hiyo hupita saa 8. Kwa hiyo nchi nyingi za kaskazini husogeza saa mbele kwa saa moja katika majira ya joto ili watu wapate mwanga zaidi jioni. Ujerumani na Uingereza zilianza desturi hiyo mwaka 1916. Siku hizi Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Vijana wanaofuata kandanda ya Uingereza wanalijua jambo hili hata kama hawajalitafutia sababu. Mchezo unaoanza saa 15:00 kwa saa za huko hutufikia saa kumi na moja jioni katika mwezi wa Septemba, lakini mwezi wa Desemba hutufikia saa kumi na mbili jioni. Sisi hatukusogeza chochote. Waliosogeza ni wao. Nchi isiyobadili saa zake bado huathiriwa na mabadiliko ya nchi inazoshirikiana nazo.

Kanuni hizo nazo hubadilishwa. Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliamua kusogeza saa Jumapili ya pili ya Machi badala ya Jumapili ya kwanza ya Aprili. Kompyuta zilizobaki na jedwali la zamani zilikosea kwa saa nzima kuanzia tarehe 11 Machi hadi tarehe 1 Aprili mwaka huo.

4. Hifadhi ya kanuni za saa

Katika miaka ya 1980 Arthur David Olson wa Marekani alianza kukusanya kanuni za saa za dunia katika mafaili ya maandishi yawezayo kusomwa na kompyuta. Baadaye Paul Eggert alichukua jukumu la kuyasimamia, na tangu mwaka 2011 hifadhi hiyo imekuwa chini ya IANA, taasisi inayoratibu majina na namba za mtandao wa intaneti. Hifadhi hujulikana kwa jina la tz au tzdata, na hutolewa bure.

Kila eneo hupewa jina la bara na la mji mmojawapo mkubwa, kwa mfano "Africa/Dar_es_Salaam" au "Africa/Kigali". Kemondo haina jina lake, kwa kuwa hufuata saa zilezile za nchi nzima. Chini ya kila jina huandikwa tofauti na UTC pamoja na tarehe ambayo tofauti hiyo ilibadilika. Kila toleo hupewa mwaka na herufi: 2021a ni toleo la kwanza la mwaka 2021, 2021b ni la pili.

Wasimamizi wa hifadhi hawatungi kanuni. Wao husubiri serikali zitangaze, kisha huandika. Serikali ikichelewa kutangaza, hifadhi nayo huchelewa. Mwezi Machi 2023 serikali ya Lebanon iliahirisha kusogeza saa siku chache tu kabla ya tarehe iliyotazamiwa, kisha ikabatilisha uamuzi wake. Ndani ya wiki moja hifadhi ililazimika kutoa toleo moja kufuata tangazo la kwanza na jingine kulifuta.

5. Mfano wa Sudan Kusini

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Sudan Kusini. Hadi mwisho wa Januari 2021 nchi hiyo ilikuwa mbele ya UTC kwa saa 3, sawa na sisi. Ilipofika usiku wa manane wa kuingia tarehe 1 Februari 2021, saa zilirudishwa nyuma, na tangu hapo tofauti imekuwa saa 2. Toleo la 2021a lenye badiliko hilo lilitolewa tarehe 24 Januari 2021. Zilikuwa zimebaki siku nane tu kwa kila mashine inayohusika kupata nakala mpya.

Tuchukulie kwamba mwezi Desemba 2020 karani mmoja aliandika katika kanzidata, yaani hifadhi ya habari iliyopangwa katika kompyuta, kwamba mkutano ungefanyika Juba tarehe 3 Februari 2021 saa 10:00. Kanzidata nyingi huhifadhi saa kwa kuigeuza kwanza kuwa UTC. Kwa kanuni ya zamani ilitoa 3 na kuhifadhi 07:00. Baadaye jedwali jipya likawekwa. Mashine ikasoma 07:00, ikaongeza 2, na kuonyesha kwamba mkutano ni saa 09:00. Mashine sasa ilikuwa na kanuni sahihi lakini jibu lisilo sahihi. Mkutano ulibaki saa nne asubuhi kwa watu wa Juba, yaani saa tano asubuhi kwa msikilizaji aliyeko Kemondo.

Hapa tunapata kanuni mbili za kazi. Tukio lililokwisha kutokea lihifadhiwe kwa UTC, kwa sababu halitabadilika tena. Tukio lijalo lihifadhiwe kwa saa ya mahali litakapofanyika pamoja na jina la eneo, ili mashine iikokotoe UTC upya kila jedwali linapobadilika.

6. Nakala nyingi katika mashine moja

Mtu aweza kudhani kwamba akisahihisha mfumo endeshi wa kompyuta yake amemaliza kazi. Mara nyingi sivyo. Java huja na nakala yake yenyewe ya jedwali la saa. Oracle ina faili yake. MySQL hutumia majedwali ambayo msimamizi hana budi kuyapakia. PostgreSQL huweza kutumia nakala yake au ile ya mfumo endeshi, kutegemea jinsi ilivyotayarishwa. Hivyo mashine moja yaweza kuwa na majedwali matatu, na kila moja likawa la mwaka wake. Programu moja ikisema saa nne na nyingine saa tano, mtumiaji hana njia ya kujua ipi imekosea, kwa maana zote hujibu kwa uhakika uleule. Msimamizi mwangalifu huorodhesha nakala zote na kuzisahihisha kwa pamoja.

7. Saa zetu za zamani

Hifadhi ya tz hulenga zaidi miaka tangu 1970. Maeneo yaliyokuwa na saa sawa tangu mwaka huo huunganishwa. Kwa sababu hiyo, katika nakala nyingi zitumiwazo leo, "Africa/Dar_es_Salaam" ni jina jingine tu la "Africa/Nairobi". Kwa shughuli za sasa hakuna tofauti. Kwa historia tofauti ipo.

Kumbukumbu ya pekee ya Dar es Salaam, ambayo sasa imewekwa katika faili la pembeni, husema kwamba tangu 1948 hadi kuingia 1961 Tanganyika ilikuwa mbele kwa saa 2 na dakika 45. Kumbukumbu ya Nairobi husema kwamba huko tofauti ilikuwa saa 3 kamili tangu 1942. Mtafiti akiwa na daftari la vipimo vya mvua vya Bukoba la mwaka 1955, lililoandikwa saa 09:00, jedwali moja litampa 06:15 UTC na jingine 06:00. Hifadhi yenyewe hutahadharisha kwamba habari za kabla ya 1970 si za kutegemewa sana.

Habari hizo hazitasahihishwa na mtu wa mbali asiye na ushahidi. Ushahidi umo katika matoleo ya zamani ya Gazeti la Serikali, katika ratiba za meli na reli, na katika nyaraka zilizohifadhiwa nchini. Mwalimu wa historia na mwalimu wa hisabati wakishirikiana, wanafunzi wao waweza kufanya utafiti huu, na hifadhi hupokea masahihisho kutoka kwa mtu yeyote mwenye ushahidi. Iwapo hatutaandika historia ya saa zetu sisi wenyewe, mashine za dunia nzima zitaendelea kuhesabu miaka hiyo ya Tanganyika kwa saa za Nairobi.

Mazoezi

1. Mwanza iko karibu na digrii 32.9 mashariki. Kwa wastani wa mwaka, jua hufika juu kabisa huko saa ngapi?

2. Mkutano utaanza Kigali saa 14:00. Msikilizaji aliyeko Kemondo afungue redio saa ngapi? Jibu kwa saa za Kiswahili.

3. Kanzidata ya hospitali ina saa ambazo wagonjwa walipewa dawa jana na miadi ya wagonjwa ya mwaka ujao. Eleza ni ipi ihifadhiwe kwa UTC na ipi kwa saa ya mahali pamoja na jina la eneo, na kwa nini.

Majibu: (1) Tofauti ni digrii 12.1, yaani dakika 48. Kwa hiyo ni 12:48. (2) Saa tisa alasiri. (3) Saa za dawa zihifadhiwe kwa UTC, kwa kuwa tukio limekwisha kutokea; miadi ihifadhiwe kwa saa ya mahali pamoja na jina la eneo, kwa kuwa kanuni ya saa yaweza kubadilishwa kabla ya siku hiyo kufika.