Mchezo Unaotungwa na Wanafunzi Wenyewe

Mwaka 1959 shule za Kenya zilianza kukutana katika mashindano ya michezo ya kuigiza. Siku zile michezo mingi ilikuwa ya Kiingereza, iliyotungwa Ulaya, na wanafunzi walijifunza maneno kwa moyo wakayasema kama yalivyoandikwa. Tangu wakati huo mashindano hayo yamekuwa makubwa sana. Hupanda ngazi kwa ngazi mpaka yale ya taifa, na pamoja na michezo ya kuigiza yamo mashairi yanayosemwa na kundi zima, ngoma za kuigiza na hadithi za jukwaani. Michezo hutungwa humu humu nchini, juu ya mambo ya nchi.

Walakini jambo moja halijabadilika sana. Mara nyingi maneno anayoyasema mwanafunzi si yake. Huandikwa na mwalimu, au na mtunzi aliyeitwa na shule kwa kazi hiyo. Hilo si kosa, kwa maana watunzi wengi ni mahodari. Lakini iko njia nyingine, nayo ni kundi la wanafunzi kuanza bila mswada wowote, wakautunga mchezo kwa kuujaribu kwa miili na sauti zao mpaka upate umbo. Njia hii yahitaji bidii nyingi, nayo ina taratibu zake.

KUANZA NA KITU KIMOJA

Watu wengi hudhani ya kwamba kutunga bila mswada ni kusema lolote linalokuja kinywani. Sivyo. Mfano mzuri watoka Afrika Kusini. Mwaka 1972 Athol Fugard na waigizaji wawili, John Kani na Winston Ntshona, walianza na picha tu. Katika picha hiyo alikuwapo mtu mwenye sigara mkono mmoja na kiko mkono wa pili, naye anatabasamu. Wakaulizana: Mtu huyu ni nani? Amefurahia nini? Kutokana na maswali hayo ulizaliwa mchezo uitwao Sizwe Bansi is Dead, unaosimulia habari za mtu aliyelazimika kuchukua jina la maiti ili apate kipande cha kumruhusu kufanya kazi mjini. Kani alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford huko Port Elizabeth, na mambo ya kiwandani yakaingia mchezoni.

Mwaka uliofuata watu hao hao walitunga The Island, juu ya wafungwa wawili wa kisiwa cha Robben. Hapo walitandika blanketi sakafuni wakalikunja kidogo kidogo, mpaka wakajua ni mahali padogo kiasi gani panapoweza kusimamiwa na watu wawili. Mwaka 1975 Kani na Ntshona walipewa tuzo ya Tony huko New York kwa sababu ya michezo hiyo miwili.

Hao walikuwa watu wazima, lakini fundisho lao lafaa kwa darasa lolote. Heri kuanza na kitu kimoja kinachoonekana kwa macho kuliko kuanza na neno kubwa kama “rushwa” au “umoja”. Neno kubwa huzaa hotuba. Kitu kidogo huzaa maswali.

KUTAFUTA HABARI ZA KWELI

Tuseme kundi la wanafunzi limechagua dumu tupu la maji la lita 20. Wanaliweka katikati ya chumba na kuulizana: Ni la nani? Kwa nini ni tupu? Kisha hutoka wakaenda bombani kutazama. Mmoja huuliza bei ya maji; mwingine huhesabu watu walio katika foleni; wa tatu husikiliza jinsi wanawake wanavyosemezana na jinsi wanavyonyamaza anapofika mwenye ufunguo wa bomba. Habari hizo ndizo chakula cha mchezo.

Kundi la Theatre Workshop la Joan Littlewood, huko London, lilifanya vivyo hivyo mwaka 1963 lilipotunga Oh, What a Lovely War! juu ya vita vya 1914 hadi 1918. Lilitumia nyimbo zilizoimbwa na askari wenyewe. Waigizaji walivaa mavazi ya wachekeshaji, na nyuma yao hesabu za watu waliouawa zikaonyeshwa kwa maandishi ya taa. Watazamaji walikuwa wakicheka kwa nyimbo, kisha wakisoma hesabu ile wakanyamaza. Hasira peke yake isingaliweza kufanya hivyo.

KUJARIBU, KISHA KUCHAGUA

Baada ya habari huja majaribio. Kabla ya kila jaribio kundi hupatana juu ya mambo manne: mtu ni nani, yuko wapi, anataka nini, na ni nini kinachomzuia. Msichana anataka maji kabla ya kengele ya shule. Mwenye ufunguo anataka apewe fedha kwanza. Hayo yakijulikana, wawili hao waachwe waigize kwa dakika kumi bila kukatizwa. Wenzao wanaotazama hawaketi bure, bali huandika kila neno linalofaa kukumbukwa.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuchagua. Majaribio ya wiki tatu yaweza kutoa mambo ya saa nne, na jukwaani muda ni mfupi. Hapo ndipo urafiki hujaribiwa. Yuko kijana aliyechekesha wote kwa kuigiza mlevi, lakini mlevi huyo hana kazi yoyote katika habari za bomba. Hapana budi aondolewe. Kundi lisilothubutu kuondoa kitu litapeleka mashindanoni gunia lililochanganya mchele na pumba.

Kwa hiyo yafaa kundi lichague mapema mtu mmoja wa kukata shauri watu wasipopatana. Mwalimu naye ana kazi yake, ambayo ni kukaa mahali pa mtazamaji na kusema anachokiona na asichokielewa. Akianza kuwatilia wanafunzi maneno vinywani, mchezo utarudi kuwa wake. Mwisho yote huandikwa, maana jambo lisiloandikwa leo litasemwa vingine kesho.

NANI MWENYE MCHEZO?

Swali hili si la darasani tu. Mwaka 2013 mchezo wa Shule ya Wasichana ya Butere uitwao Shackles of Doom ulikatazwa, mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru uonyeshwe. Mwaka 2025 shule hiyo hiyo ilikuwa na mchezo uitwao Echoes of War. Michezo yote miwili iliandikwa na Cleophas Malala, ambaye kabla ya mchezo huo wa pili alikuwa amepata kuwa seneta wa Kakamega. Safari hii pia Mahakama Kuu iliamuru mchezo uruhusiwe. Lakini mwezi wa Aprili, huko Nakuru, Malala alizuiwa na polisi asiwafikie wanafunzi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani bila kuigiza. Nchi nzima ikabishana: Je, maneno yale yalikuwa ya wasichana, au ya mtu mzima aliyewaandikia?

Wanafunzi walioutunga mchezo wenyewe huweza kulijibu swali hilo. Akiulizwa kwa nini msichana wa bombani hakulia, mwigizaji hatasema ya kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Atasema alimwona bombani, saa kumi na moja alfajiri, naye hakulia. Mwenzake akiugua siku ya maonyesho, mwingine huweza kushika nafasi yake, kwa kuwa wote walikuwapo neno lile lilipozaliwa.

Zawadi huenda ikapatikana au isipatikane. Wazee husema ya kwamba nguo ya kuazima haimsitiri mtu. Mwanafunzi aliyeshona yake mwenyewe, hata kama mshono umepinda, aweza kusimama mbele ya watu akajua kila uzi ulikotoka.