Kununua Gitaa Kuukuu

Fedha za kwaya ni za wengi. Basi ukionyeshwa huko Musoma gitaa kuukuu lenye kifua kilichobinuka na matundu marefu kama ya fidla (kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa L-5 ya namna hiyo mwaka 1922), usitazame rangi. Tazama shingo toka kichwani, kama seremala atazamavyo ubao. Ikiwa imepinda sana, liache, hata likiwa rahisi. Gonga kifua: kikitatarika, gundi imeachia.

Daraja lake halikugandishwa, hushikwa na mkazo wa nyuzi tu. Kwa hiyo zibadili moja moja. Kisha piga uzi mtupu, na tena ukiubonyeza penye chuma cha 12: iwe sauti ile ile, oktavu moja juu. Ikipanda mno, sogeza daraja mbali na shingo, ikipungua, karibu.