Kupima Kasi ya Sauti kwa Simu Mbili

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa kasi ya sauti hewani, kwa kawaida hujibu bila kusita: mita 330 kwa sekunde, au 340. Tarakimu hiyo ameinakili kutoka ubaoni. Akiulizwa imepatikanaje, hunyamaza. Kosa si lake peke yake. Jaribio linalopendekezwa mara nyingi, yaani kupiga makofi mbele ya ukuta mrefu na kusikiliza mwangwi, lina dosari ambayo kila mwalimu aliyelifanya anaifahamu. Ukuta ukiwa umbali wa mita 100, sauti huenda na kurudi kwa muda wa sekunde 0.57 hivi, na mtu, baada ya kusikia, huchelewa karibu sekunde 0.2 kabla ya kubonyeza saa. Wanafunzi wanaona majibu yao yamepishana mno. Na kwa kuwa jibu linalotakiwa wanalo tayari daftarini, wanayapika. Somo la kupima linageuka kuwa somo la kughushi.

Dawa ya dosari hiyo huenda imo mfukoni mwa mwalimu. Maikrofoni ya simu ya kisasa husoma mgandamizo wa hewa mara 44,100 au 48,000 katika kila sekunde, wala haisubiri kidole. Zipo programu za bure zinazoigeuza simu kuwa saa inayoendeshwa na sauti: kishindo cha kwanza huianzisha, kishindo cha pili huisimamisha. Mojawapo ni phyphox, iliyotolewa mwaka 2016 na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani. Ikishawekwa katika simu haihitaji intaneti. Katika shule nyingi za Tanzania na Kenya wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, lakini hapa hazihitajiki zaidi ya mbili: ya mwalimu na ya mwenzake.

Simu hizo ziwekwe juu ya viti viwili uwanjani, umbali wa mita 20, uliopimwa kwa utepe kutoka simu hadi simu. Nyuma ya kila simu, katika mstari mmoja na zile simu, asimame mwanafunzi mwenye vipande viwili vya mbao. Tuwaite Asha na Juma. Asha agonganishe mbao zake. Simu iliyo karibu naye itaanza kuhesabu mara moja. Ya Juma itaanza baadaye kidogo, sauti itakapoifikia. Baada ya sekunde moja au mbili, Juma naye agonganishe zake. Sasa simu ya Juma ndiyo itakayosimama kwanza, na ya Asha baadaye. Kwa hiyo simu ya Asha itaonyesha muda mrefu zaidi, na tofauti kati ya simu hizi mbili ni muda ambao sauti huchukua kwenda mita 20 na kurudi mita 20.

Yafaa darasa lipewe nafasi ya kulitafakari jambo hili kabla ya kuelezwa, maana lina ujanja wa kupendeza. Saa mbili hizi hazikulinganishwa kamwe, na wala hakuna haja. Juma akichelewa kugonganisha mbao zake, ucheleweshaji wake huongezeka katika saa zote mbili kwa kiasi kilekile, na hutoweka tunapotoa. Hata hatua moja iliyopo kati ya mpiga mbao na simu yake hutoweka vivyo hivyo, mradi asimame katika mstari. Mwanafunzi mwenye kalamu na karatasi aweza kuthibitisha hayo mwenyewe kwa aljebra ya kidato cha pili.

Tuseme simu ya Asha imesoma sekunde 1.874 na ya Juma 1.759. Tofauti ni 0.115. Mita 40 zikigawanywa kwa 0.115 zinatoa mita 348 kwa sekunde. Hapa pana faida nyingine, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote: hakuna awezaye kupika. Usomaji wa simu moja peke yake hauna maana yoyote, na anayeusoma hajui mwenzake aliye upande wa pili amepata nini hadi watakapokutana ubaoni. Hapo ndipo darasa linapokaza macho.

Wanasayansi wa Ufaransa walikuwa na fikra iliyo karibu na hii. Mwezi Juni 1822, Arago, Humboldt na wenzao walifyatua mizinga usiku kutoka Villejuif na Montlhéry, karibu na Paris, umbali wa kilomita 18 hivi, wakipima muda kati ya kuonekana kwa mwali na kusikika kwa mshindo. Walifyatua kutoka pande zote mbili kwa sababu ya upepo: unaoisukuma sauti wakati wa kwenda huizuia wakati wa kurudi. Mbao za Asha na Juma hufanya kazi hiyohiyo bila baruti.

Matatizo hayakosekani. Kelele za darasa la jirani huanzisha saa kabla ya wakati. Basi kiwango cha sauti kinachoiamsha programu kipandishwe, na jaribio lifanyike mbali na kuta. Umbali mfupi nao haufai. Kosa la sekunde 0.002 katika mita 20 huleta hitilafu isiyofika asilimia 2, lakini katika mita 5 hitilafu hupanda hadi asilimia 7. Vipimo kumi vichukuliwe, vyote viandikwe, hata vile vinavyochukiza, ndipo wastani utafutwe.

Kwa darasa lililokwisha kuzoea, kuna swali gumu zaidi. Kasi ya sauti hewani ni karibu mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi 0 za sentigredi, nayo huongezeka kwa 0.6 hivi kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya baridi yenye nyuzi 12 yapasa kupatikana 338. Mchana wa nyuzi 30, 349. Simu zikiwekwa mita 30, tofauti ya muda kati ya asubuhi na mchana ni sekunde 0.0055 tu. Je, vipimo vya darasa vina usahihi wa kutosha kuiona? Wanafunzi watoe jibu kwanza, pamoja na hesabu ya makosa yao, kisha warudi uwanjani na themometa.