Doto anacheka, Kulwa yuko kimya

Mama Kulwa, barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, kwa ile habari ya korongo. Mara ya pili nikaacha kucheka. Mara ya tatu nikachukua kalamu.

Niwaeleze kidogo wasomaji wenzetu. Mama Kulwa anakaa Kirumba na anauza dagaa katika soko la Mwaloni, kando ya ziwa. Ana mapacha wa miaka kumi, Kulwa ni binti na Doto ni wa kiume, wote darasa la nne katika shule moja ya serikali, chumba kimoja. Yuko pia Shija aliyewafuata, wa miaka mitatu. Muhula uliopita Kulwa alikuwa wa 6 kati ya wanafunzi 112. Doto alikuwa wa 71. Kinachomkosesha mama usingizi si hiyo 71 peke yake. Ni kwamba mwenye nayo haonekani kuumia. Doto anarudi kutoka shule anacheka, ana hadithi kuanzia mlangoni mpaka jikoni: leo kengele, kesho bustani ya mchicha, keshokutwa korongo aliyemnyang'anya mtoto kitumbua saa ya mapumziko. "Mtoto anayesoma kweli hawezi kuwa na furaha kiasi hiki," umeandika. Basi ukamwandikisha tuisheni ya jioni, ukaongeza na ya Jumamosi, na Kulwa ukamtia humo humo ili awe mfano kwa mwenzake. Shemeji yako naye anasema Doto apelekwe bweni akanyooshwe. Unaniuliza umnyooshe vipi bila kumvunja.

La bweni nilimalize haraka. Mwambie shemeji, kwa heshima zote, kwamba Machi 2023 wizara ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Walioamua hivyo walikuwa wanafikiria watoto wa umri wa Doto, wanaohitaji kulala nyumbani na kusikia sauti ya mama asubuhi. Hilo limekwisha.

Sasa tuje kwenye lile sharti lako, kwamba anayesoma kweli hacheki. Nani alikuambia, ndugu yangu? Umeandika kwamba kwenu ni Kisesa. Basi umekulia karibu na makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, na bugobogobo umeiona kwa macho yako. Ngoma ya majembe ile. Kikundi kinaingia shambani, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa mapigo, mmoja analirusha lake juu na kulidaka, na jua likizama shamba limekwisha kulimwa. Hakuna mzee wa Kisukuma aliyewahi kusimama pembeni akasema hawa wanacheza, kwa hiyo hawalimi. Wazee walijua kazi ndefu haibebeki bila wimbo. Shule ya msingi nayo ni kazi ndefu kwa mtoto: miaka sita au saba, kila asubuhi kuwahi namba, kufagia, kusimama mstarini, kubanana watatu au wanne kwenye dawati. Mtoto aliyepata wimbo wa kuibeba kazi hiyo, usimnyang'anye.

Halafu zisikilize hadithi zenyewe, kwa sababu nadhani ulizisikia nusunusu. Umeandika kwa kulalamika kwamba Doto alitumia jioni nzima kueleza kengele ya shule, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, kwamba ukiigonga pembeni inalia nyembamba na ukiigonga karibu na katikati inalia nzito. Mama Kulwa, huyo mtoto hajapoteza jioni. Amesimama mbele ya kitu ambacho mamia ya watoto hukisikia kila siku, akajiuliza swali, akatafuta jibu kwa kugonga. Na ile ya bustani? Tuta lao limeota kabla ya la darasa la tano kwa sababu walilifunika kwa nyasi kavu na udongo haukukauka. Hiyo ni sayansi, na kaisoma kwa mikono. Ukimuuliza mwalimu wake, atakuambia angependa nusu ya darasa waelewe hivyo.

Sikufichi lakini. Furaha peke yake haitoshi, na sijui kama Doto anasoma vizuri. Nawe hujui, maana katika kurasa zote nne umenitajia nafasi yake mara sita, na hukuandika hata mara moja kama anaweza kusoma aya moja akaielewa. Nafasi ya 71 inatuambia watoto sabini wamepata alama nyingi kuliko yeye. Haituambii zake ni ngapi, wala ni wapi anakwama. Anaweza kuwa na 68, anaweza kuwa na 31. Jioni ya leo chukua gazeti unalofungia dagaa, mpe asome habari moja fupi kwa sauti, kisha akusimulie kwa maneno yake bila kuangalia. Akisoma vizuri, pumua. Akisota kwenye kila neno, hapo pana kazi ya kweli, na kazi hiyo haihitaji kiboko wala saa tatu za tuisheni. Inahitaji dakika ishirini kila siku na mtu mmoja wa kumsikiliza, na mkwamo wake uwekwe wazi kwa mwalimu mapema, si siku ya kufunga shule.

Hesabu unazo Mwaloni. Mchukue Jumamosi. Mwache apime sado, ahesabu chenji, akuambie gunia likitoa sado kadhaa na kila moja ukiiuza kwa bei fulani, unabaki na nini ukitoa nauli na ushuru. Mara moja utajua kama kugawanya kumemwingia. Na utakuwa umekaa na mwanao, jambo ambalo barua yako inaonyesha mmelikosa nyote wawili tangu tuisheni ianze.

Hili la namba nitakaa nalo kidogo, kwa sababu si lako peke yako. Tumerithi shule iliyojengwa kama mlango mwembamba. Wazazi wetu walisoma wakati nafasi za sekondari zilikuwa za kuhesabika, na mtoto aliyekosa kuchaguliwa aliambiwa ameshindwa. Mwalimu Nyerere, ambaye naye alianza shule kwenye ufuko wa ziwa hili hili, Mwisenge pale Musoma, mwaka 1934, aliliona kosa hilo mapema. Alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alisisitiza kwamba elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, imwandae mtoto kwa maisha, isiwe foleni tu ya kuwachuja wachache wa kwenda mbele. Leo mlango umepanuka. Ada ziliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na katika mtihani wa darasa la saba wa 2024 takriban watoto wanane katika kila kumi walifaulu. Hata Baraza la Mitihani, tangu matokeo ya 2022, liliacha kututangazia shule kumi bora na wanafunzi bora. Sisi wazazi ndio tumebaki na orodha mkononi, tunawasomea watoto mezani.

Nami nimeyaonja. Mwaka mmoja nilishuka kutoka wa 3 hadi wa 18. Nilipofika nyumbani niliificha ripoti ndani ya gunia la michembe, nikijua hadi masika hakuna atakayelifungua. Bibi yangu alilifungua baada ya wiki mbili. Hakujua kusoma, akaniita nimsomee. Nilimsomea yote, na 18 sikuipunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja karatasi, akaniuliza, "Na siku hizi mnacheza nini huko?" Nililia, kwa sababu hatukuwa tunacheza chochote. Tulikuwa tumehamishiwa kwa mwalimu aliyetuzuia kutoka nje saa ya mapumziko mpaka tumalize kunakili ubao, na mimi niliandika polepole. Hakuna aliyejua. Wote waliniuliza nimekuwa wa ngapi, na bibi peke yake ndiye aliyeuliza swali lililokuwa na jibu.

Ndiyo maana nimekuambia nilipoisoma barua yako mara ya pili nikaacha kucheka. Kurasa nne ni za Doto. Kulwa amepata mistari mitatu, nami nimeinakili hapa kama ulivyoiandika: "Kulwa hana shida. Akitoka shule ananisaidia vyombo na kumwangalia Shija, kisha anakaa na daftari lake kimya. Siku ya jaribio hanywi hata chai, anasema tumbo linamuuma, lakini anafaulu."

Isome tena polepole, kama vile imeandikwa na mama mwingine.

Mtoto wa miaka kumi ambaye tumbo humuuma kila siku ya jaribio anakuambia kitu, ila anakisema kwa tumbo kwa sababu maneno hayana nafasi. Mpeleke zahanati kwanza, wamwangalie, minyoo na mengine, hilo usiliruke. Wakisema mzima, basi jua ni hofu. Amejifunza kwamba katika nyumba yenu anapendwa akiwa wa 6, na hajui atakuwa nani akiwa wa 20. Ulimwongezea mzigo wa pili: kuwa mfano wa kumchoma pacha wake. Hakuna mtoto anayeweza kufurahia shule akiwa fimbo ya kumpigia ndugu yake.

Na wa tatu ni huu, nao nausema kwa upendo, dada yangu, kama tungekuwa tumekaa wote kwenye mkeka. Doto anacheza kwa sababu Kulwa anaosha. Wana umri mmoja, wametoka shule moja, saa moja. Mmoja anatupa begi na kutoka na chandimu, mwingine anafunga kanga na kumbeba Shija mgongoni. Kisha tunasema binti ametulia kwa tabia. Labda ametulia kwa tabia, sijui. Ila bado hajapewa nafasi ya kuwa mtundu ili tujue.

Kwa hiyo hivi ndivyo ningefanya ningekuwa wewe. Vyombo vigawanywe kuanzia wiki hii, Doto siku zake, Kulwa siku zake, na Shija abebwe na wote wawili. Tuisheni ya Jumamosi iishe kwa wote. Ya jioni, Kulwa atoke kabisa, na Doto abaki tu kama gazeti la dagaa litaonyesha anahitaji. Najua unachoogopa, maana umekiandika pembeni kwa herufi ndogo: mwalimu wa tuisheni ndiye mwalimu wao wa darasa, na unahofia mtoto ataonekana vibaya. Nenda umwone mwenyewe, usimtume mtoto na maneno. Anza kwa kumshukuru, kwa sababu mtu anayefundisha watoto 112 katika chumba kimoja anastahili shukrani kabla ya jambo lolote. Mwambie habari ya tumbo la Kulwa. Mwombe akuonyeshe Doto anakosea wapi. Walimu wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo na mzazi, wanaulizwa nafasi tu, na utashangaa atakavyokuchangamkia.

Kuhusu lile la Doto kwenda ziwani kuvua furu na wenzake akitoka shule, hapo nakuunga mkono kuwa mkali. Kichocho kiko kwenye maji ya ufukweni, kinakaa kwa konokono wale wadogo kwenye majani, na mtoto hukipata kwa kusimama tu majini. Shuleni wanapogawa dawa za kichocho hakikisha wote wawili wamekunywa, wakiwa wameshiba. Akitaka kuvua, avulie juu ya mwamba mkavu na mtu mzima awepo.

Na kwa muhula mmoja, mmoja tu, lifungie kabatini swali la "wa ngapi". Ripoti ikija, iangalie ukiwa peke yako. Itakuwa vigumu, najua, majirani wa Kirumba wanaulizana hilo kabla ya salamu. Wajibu kwamba watoto hawajambo.

Limebaki jambo moja nimelitafuta katika barua yako na sikuliona. Umeandika kwamba korongo alishuka kutoka kwenye jiwe, akatembea katikati ya watoto kama mkaguzi wa elimu, akanyakua kitumbua mkononi mwa mtoto wa darasa la kwanza, na hapo hapo ukamkatiza Doto, ukamwambia alete daftari. Leo usiku, vyombo vikishaoshwa, muulize iliishaje. Akianza kusimulia, mgeukie Kulwa umuulize yeye aliona nini. Alikuwa uwanjani pale pale, saa ile ile, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza.