Kumkanda Punda Baada ya Kazi
Tiba ya Kichina ya kubonyeza mwili kwa vidole, bila sindano, hutumiwa pia kwa farasi. Wenye mikokoteni ya punda Kayole, Dandora na Njiru wanaweza kuijaribu jioni. Simama ubavuni, si nyuma. Bonyeza polepole kwa kidole gumba kuanzia shingoni hadi mabegani. Akishusha kichwa na kulegeza mdomo, endelea. Akirusha teke, acha. Usiguse kidonda.

Ushahidi kwamba inaponya bado ni mdogo. Faida yake hasa ni kuwa mkono hugundua uvimbe mapema, maana punda huficha maumivu. Akikataa chakula, usimkande. Mwite daktari wa mifugo mara moja. Kumfanyisha kazi punda mgonjwa ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.